Aliyeshinda vita ndo hakimu?

Safu ya maswali ya wasomaji

Toleo lililopita tuligusia Rwanda ya 1994 kwa ufupi tu, basi simu haijatulia, meseji zimeingia kutoka Majengo mpaka Manyoni na karibu wote mnauliza kitu kimoja kwa njia tofauti, kwamba vita ikiisha na aliyeshinda akakuta makaburi ya halaiki, anafanyaje? Nimechagua chache. Nimenyoosha herufi tu, maneno ni yenu.

Mbukwenyi mwalimu. Hapa kijiweni tumebishana mpaka kahawa imepoa. Mi nasema washindi wa vita huwa wanawashughulikia waliofanya mauaji ya kimbari, mfano kesi za wakubwa wa Kinazi pale Nuremberg, Ujerumani. Wenzangu wanasema hamna kitu, Waturuki waliua Waarmenia 1915, wakashindwa vita na hakuna aliyeguswa. Nani kashinda? Kinyozi, Majengo, Dodoma

Mbukwa kinyozi. Wenzako wako karibu na ukweli kuliko wewe, ila hilo la hakuna aliyeguswa wamezidisha.

Ilikuwa hivi. Tarehe 24 Mei 1915, watu wakiwa bado wanauawa, Uingereza, Ufaransa na Urusi walitoa tamko la pamoja kwamba viongozi wa dola ya Osmani, yaani Uturuki ya wakati ule, watawajibishwa mmoja mmoja kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Kwa enzi zile lilikuwa tamko zito. Mwisho wa Oktoba 1918 Waturuki wakaweka silaha chini, na usiku wa kuamkia Novemba 2 wakubwa wenyewe, Talat, Enver na Cemal, wakapanda meli ya Wajerumani wakayeyuka. Waliobaki wakafunguliwa kesi kwenye mahakama za kijeshi Istanbul, na angalia, mahakama hizo ziliendeshwa na serikali ya Waturuki wenyewe, walikuwa wanatumaini mshindi atawalegezea kwenye mkataba wa amani. Aprili 1919 akanyongwa kiongozi mmoja wa wilaya, Mehmed Kemal, na mazishi yake yakageuka maandamano. Julai mwaka huohuo Talat na wenzake wakahukumiwa kifo wakiwa hawapo. Waingereza nao wakazoa washukiwa zaidi ya 100 wakawapeleka kisiwani Malta wasubiri kesi ya kimataifa.

Kesi haikuja. Kufika 1921 jeshi la Uingereza limechoka na limepunguzwa, Ufaransa na Italia wameshaanza kuongea pembeni na Mustafa Kemal, jenerali wa Waturuki walioendelea kupigana (sio yule Kemal aliyenyongwa), na huyo alikuwa amewashika Waingereza kadhaa huko Anatolia, bara la Uturuki, wakiwemo maofisa. Wakabadilishana. Chukua wako, nipe wangu, na watu wa Malta wakarudi nyumbani. Mkataba wa Sèvres wa 1920 ulikuwa na kifungu cha 230 kinachowadai Waturuki wawakabidhi watuhumiwa, lakini mkataba ule haukuwahi kufanya kazi, na ule uliokuja badala yake, wa Lausanne 1923, hauna kifungu hicho na umeambatanishwa na tamko la msamaha. Talat yeye alikuwa ameshapigwa risasi Berlin, Machi 1921, na kijana wa Kiarmenia aitwaye Soghomon Tehlirian, halafu mahakama ya Berlin ikamwachia huru huyo kijana. Yaani hukumu iliyoandikwa Istanbul ilitekelezwa barabarani, nchi nyingine, na mtu binafsi.

Sasa njoo 1945. Ujerumani imesalimu amri bila masharti, nchi nzima imekaliwa na mataifa manne, hakuna Mustafa Kemal mwingine aliyejificha na jeshi milimani, na makabati ya serikali yamekamatwa karatasi zikiwa ndani. Hata hivo mahakama haikuwa wazo la kila mtu. Waingereza, Churchill akiwemo, kwa muda mrefu walitaka vigogo wapigwe risasi tu bila kesi, na Stalin kwenye mkutano wa Tehran 1943 alitaja maofisa 50,000 wauawe, wengine wanasema alikuwa anatania, ila utani wa Stalin mimi siuamini. Wamarekani ndo waliosukuma kesi. Ikaanza 20 Novemba 1945, hukumu zikatolewa 1 Oktoba 1946: watu 22, kati yao 12 wakahukumiwa kunyongwa, 7 vifungo, 3 wakaachiwa.

Kwahiyo kinyozi, tofauti haikuwa kwamba washindi wa 1945 walikuwa na moyo laini zaidi. Washindi wa 1921 walikuwa na kitu wanachokitaka kwa aliyeshindwa, wa 1945 hawakuwa nacho. Bado. Miaka michache mbele wakawa nacho na nitakuonyesha kilichotokea kwenye swali linalofuata. Ubishi naupa sare, kahawa lipeni nusu kwa nusu.

Shikamoo mwalimu. Nasoma sheria hapa chuoni. Mwenzangu wa chumbani anasema Nuremberg ilikuwa kisasi kilichovaa joho, washindi walijifanya majaji wakati na wao wana damu. Nimjibuje? Mwanafunzi, Dodoma

Marahaba mwanangu. Usimjibu kwa haraka, ana hoja.

Chukua Katyn. Majira ya kuchipua ya 1940 Wasovieti waliwapiga risasi Wapoland kama 22,000, maofisa na wasomi, sehemu yao kwenye msitu wa Katyn. Miaka sita baadae Wasovieti haohao wana jaji na waendesha mashitaka Nuremberg, na kwenye hati ya mashitaka wakaweka kwamba Katyn ni kazi ya Wajerumani! Ushahidi ukagoma, na hukumu ilipotoka haikutaja Katyn hata kwa mstari mmoja. Moscow ilikuja kukiri 1990. Au chukua admirali Karl Dönitz, aliyeshitakiwa pamoja na mengine kwa nyambizi zake kuzamisha meli bila onyo. Wakili wake akaomba admirali wa Marekani, Chester Nimitz, aulizwe maswali kwa maandishi, na Nimitz akajibu bila kuzunguka kwamba na wao Pasifiki walifanya hivohivo toka siku ya kwanza ya vita. Majaji wakatamka kwamba adhabu ya Dönitz haitahesabu kosa hilo, akala miaka 10 kwa mengine. Hapo mi naona wakili kafanya kazi yake na majaji nao wamejitahidi, kisasi hakiendi namna hiyo, na hakiachii watu watatu.

Doa lenyewe liko pengine na watu hawalisemi sana. Pale London katikati ya 1945 wakati washindi wanne wanaandika sheria ya hiyo mahakama, waliufunga uhalifu dhidi ya ubinadamu kwenye vita. Maana yake aliyoyafanya Hitler kwa Wayahudi wa Ujerumani kabla ya Septemba 1939, kuwanyang'anya uraia, kuwachomea masinagogi, yote yakabaki nje ya hukumu. Kwanini? Robert Jackson, mwendesha mashitaka mkuu wa Marekani, aliwaambia wenzake mezani kwamba hata kwao kuna wakati raia wa makundi madogo wanatendewa isivyo haki, hivo nchi isijiingize kwenye namna nchi nyingine inavyowatendea watu wake ila pale inapogusana na vita. Alikuwa anajua hali ya weusi wa kusini mwa Marekani. Waingereza na Wafaransa wana makoloni, Wasovieti wana kambi zao za kazi ngumu, hakuna aliyetaka mlango ule ufunguke wote. Raphael Lemkin, mwanasheria aliyepoteza ukoo wake karibu wote kwenye mauaji yale, alizunguka kwenye korido akiomba mauaji ya kimbari yahukumiwe kama kosa lenyewe, na hukumu ya Nuremberg haikufanya hivo. Ilibidi asubiri mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 9 Desemba 1948. Marekani wenyewe wameuridhia 1988, ndio, 1988.

Ila kinachoniuma mimi sio 1946, ni 1951.

Kulikuwa na vikosi vilivyokuwa vinafuata nyuma ya jeshi la Ujerumani kule mashariki, kazi yao kuua Wayahudi, kijiji kwa kijiji, mtaro kwa mtaro, na waliandika ripoti kila siku kwenda Berlin, tarehe, mahali, idadi. Ripoti zikapatikana. Kijana wa Kimarekani, Benjamin Ferencz, akakaa na mashine ndogo ya kujumlishia anaongeza namba moja baada ya nyingine, zilipopita milioni moja akaacha kuhesabu akapanda ndege kwenda Nuremberg kudai kesi ifunguliwe. Alikuwa na miaka 27 na hajawahi kusimama mahakamani hata kwa kesi ya kuku. Watuhumiwa walikuwa maelfu, wakashitakiwa 24. Unajua kwanini 24? Ferencz mwenyewe alisema ni kwa sababu kizimba kilikuwa na viti 24. Mkubwa mmojawapo, Otto Ohlendorf, alikuwa ameshakiri kwamba kikosi chake kiliua watu 90,000. Kati ya hao wote 14 walihukumiwa kifo.

Walionyongwa ni 4.

Kilichotokea katikati ni Korea. Vita ya Korea ilianza Juni 1950, Marekani ikaona inamhitaji Mjerumani awe na jeshi tena dhidi ya Wasovieti, na wanasiasa na maaskofu wa Ujerumani wakawa wanasema wazi kwamba watu wetu bado wako gereza la Landsberg, mtatuambiaje tuwapiganie? Januari 1951 kamishna wa Marekani, John McCloy, akapitia mafaili, kati ya hukumu 15 za kifo zilizobaki kwenye kesi zote, sio za vikosi hivyo peke yake, akaacha 5 tu zisimame. Alfried Krupp, tajiri wa viwanda aliyetumia mateka kama watumwa, akatoka gerezani na mali yake akarudishiwa. Kufika 1958 wale wa vikosi vya kuua walikuwa nje wote waliobaki hai. Na hapo sijagusa wanasayansi, zaidi ya 1,500 walibebwa kwenda Marekani, Wernher von Braun wa maroketi akiwemo, maroketi ambayo yalitengenezwa na wafungwa waliokufa kwa maelfu kwenye mahandaki ya Dora, na Wasovieti nao Oktoba 1946 wakabeba wa kwao zaidi ya 2,000 kwa treni. Daktari Shiro Ishii wa Japani, aliyepasua watu hai huko China kwa majaribio ya magonjwa, alipewa kinga na Wamarekani ili awape matokeo ya majaribio yake.

Mwambie mwenzako hivi basi: majaji walifanya kazi ya kueleweka, ni wanasiasa waliokuja baada yao ndo waliuza hukumu. Na kisasi hakiachi mafaili. Zile karatasi za Nuremberg ndo zilizowasaidia waendesha mashitaka wa Ujerumani yenyewe baadae, pale Frankfurt kuanzia Desemba 1963 walipowapandisha kizimbani waliofanya kazi kwenye kambi ya mauaji ya Auschwitz, safari hii Mjerumani akimhukumu Mjerumani.

Salaam mwalimu. Bibi yetu alikuwa akitusimulia njaa ya Mtunya hapa Ugogo, watu walivyokwisha na waliobaki kutawanyika kila mmoja njia yake. Je, yale hayakuwa mauaji ya kimbari? Na kwanini hakuna aliyeshitakiwa? Mama wa watoto watatu, Mpwapwa

Salaam mama. Umeuliza jambo ambalo lilitakiwa liwe kwenye vitabu vya shule vya mkoa wetu.

Waingereza na Makaburu wao chini ya jenerali van Deventer waliingia Kondoa Aprili 1916, mwisho wa Julai wakaingia Dodoma, Wajerumani wanarudi nyuma kuelekea kusini. Kabla hawajaondoka Mjerumani alikuwa ameshachukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, alipoingia Mwingereza na yeye akachukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Wanaume waliotakiwa kulima wako porini na mizigo kichwani, maghala yamekombwa, halafu mvua zikagoma. Kwa wilaya ya Dodoma peke yake makadirio ni kwamba walikufa watu kama 30,000 kati ya 150,000. Mtu mmoja kwa kila watano.

Kisheria sio mauaji ya kimbari mama, maana sheria inataka kuwe na nia ya kuliangamiza kundi, na hapa hakukuwa na nia hiyo kwa Wagogo, kulikuwa na kutojali tu. Ni uovu wa aina nyingine. Na kushitakiwa, mshindi angemshitaki nani wakati gunia la mtama analo yeye mwenyewe?

Lakini kwenye ukatili wa Wajerumani uliofanyika kabla ya vita, hapo mshindi alikuwa na mdomo mpana. Namibia, wakati ule Afrika Kusini Magharibi ya Wajerumani, jenerali von Trotha alitoa amri Oktoba 1904 ya kuwamaliza Waherero, wakasukumwa jangwani wafe kwa kiu, na mpaka 1908 walikufa makumi ya maelfu pamoja na Wanama kama 10,000. Waingereza walipoiteka nchi ile wakakusanya viapo vya manusura na nyaraka za Wajerumani wenyewe, 1918 wakachapisha ripoti nzito. Ni ripoti ya kweli, na shabaha yake ilikuwa kuonyesha kwenye mkutano wa amani kwamba Mjerumani hafai kurudishiwa makoloni. Koloni likapatikana, likawekwa chini ya Afrika Kusini. Baada ya hapo watawala wapya wanataka walowezi wa Kijerumani na wa Kikaburu waishi kwa amani, na ripoti inawaudhi walowezi, basi 1926 baraza la kutunga sheria la kulekule Namibia likapitisha kwamba nakala zikusanywe ziharibiwe. Yaani mshindi anachoma ushahidi alioukusanya mwenyewe, kwa sababu kazi yake imeisha. Ujerumani ilikuja kutamka rasmi kwamba yale yalikuwa mauaji ya kimbari Mei 2021, ikaahidi euro bilioni 1.1 kwa miaka 30, na wazao wengi wa Waherero na Wanama wanalalamika kwamba hawakukaa kwenye meza ya mazungumzo.

Na sisi? Majimaji, 1905 mpaka 1907, Wajerumani waliunguza vijiji na mashamba kusini mpaka njaa ikafanya kazi iliyobaki, makadirio yanafika watu 300,000. Hakuna mshindi yeyote wa 1918 aliyefungua kesi. Kwenye Mkataba wa Versailles kitu chetu tulichopata ni kifungu cha 246, kwamba fuvu la chifu Mkwawa wa Wahehe lirudishwe ndani ya miezi 6. Lilirudi Kalenga 1954, gavana Twining alipoenda kulichagua mwenyewe kwenye kabati la makumbusho ya Bremen kwa kupima ukubwa wa vichwa. Rais wa Ujerumani Steinmeier ndo akaja Songea, 1 Novemba 2023, akaomba msamaha.

Mwalimu habari za kazi. Mimi ni askari mstaafu, nilikuwemo tulipoingia Kampala Aprili 1979. Tulikuta mambo ya kutisha. Tulishinda, mbona hatukumpeleka Amin popote akafia kitandani? Mstaafu, Kondoa

Shikamoo mzee, na asante kwa kazi ile.

Kwanza mtu mwenyewe hamkumkuta, alishakimbilia Libya, kutoka pale Saudia, akafa Jeddah Agosti 2003. Pili hakukuwa na pa kumpeleka, mahakama ya The Hague tunayoisikia saivi ilianza kazi 2002. Na tatu, mzee, nadhani mnakumbuka, nchi zingine za Afrika badala ya kutupa pole zilituona wakosaji. Julai 1979 kwenye mkutano wa OAU, umoja wa nchi za Afrika wa wakati ule, pale Monrovia, Nimeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria walituelekezea vidole kwa kuvuka mpaka wa mwenzetu. Waliouawa na Amin wanakadiriwa kufika 300,000, Waacholi na Walango ndani ya jeshi walichinjwa kwa kabila lao, wala hilo halikuwa ajenda kubwa pale. Serikali yetu ilikuwa inahangaika na gharama ya vita inayokaribia dola milioni 500 na kuhakikisha Uganda ina serikali, kesi ikawaachia Waganda wenyewe. Tume ya kuchunguza ikaja kuundwa 1986 chini ya Museveni. Mi naona hapo tulipungukiwa, tungeacha hata wanasheria kumi wa kukusanya maelezo ya watu wakati bado ni mabichi, lakini najua ni rahisi kusema hivo nikiwa na kikombe cha chai mkononi.

Ila sisi tulipata afadhali. Miezi mitatu kabla yenu, 7 Januari 1979, Wavietnam waliingia Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, wakamtoa mtawala Pol Pot, ambaye chini yake walikufa watu wanaokadiriwa kuwa kati ya milioni 1.5 na 2. Agosti wakafungua kesi, Pol Pot akahukumiwa kifo akiwa hayupo, na dunia ikaicheka hiyo mahakama. Marekani na China walikuwa wanamchukia Mvietnam kuliko wanavyomchukia Pol Pot, kwahiyo kiti cha Kambodia pale Umoja wa Mataifa kikabaki kwa watu wa Pol Pot zaidi ya miaka kumi, wauaji wanapiga kura New York! Hukumu ya mauaji ya kimbari mbele ya mahakama inayotambulika ilitoka Novemba 2018, kwa wazee wawili, Nuon Chea na Khieu Samphan, Pol Pot mwenyewe alishafariki 1998.

Na India walioshinda Desemba 1971 kule Bangladesh walikuwa na mateka 93,000 wa Pakistan, 195 kati yao wamepangwa kushitakiwa kwa mauaji. Pakistan nayo imewazuia Wabangali kwao na haijaitambua Bangladesh. Aprili 1974 wakamalizana kwenye meza, wote 195 wakaenda nyumbani. Malta ileile.

Shikamoo mwalimu. Zamani nilikuwa nauza chakula Arusha jirani na jengo la mikutano la AICC, wale watu wa mahakama ya Rwanda wenye vitambulisho shingoni walikuwa wateja wangu na sikuwahi kuwauliza. Kwanini kesi zililetwa kwetu? Na mbona aliyeshinda vita hakukaa kizimbani? Mama Lishe, Singida

Marahaba mwanangu.

Rwanda ni ya pekee kwa sababu aliyeshinda alikuwa upande wa waliokuwa wanauawa, Watutsi. RPF, jeshi la waasi lililoongozwa na Watutsi, waliichukua Kigali 4 Julai 1994, nchi ikiwa imepoteza watu kati ya 800,000 na milioni kwa siku kama 100. Mataifa makubwa hayakushinda vita ile, yalikaa pembeni, na Aprili Baraza la Usalama likapunguza hata askari wachache waliokuwepo. Mahakama ilikuja baadae, azimio namba 955 la 8 Novemba 1994, na mimi siku zote nimeisoma kama njia ya kulipa aibu. Na cheki hapa: Rwanda ilikuwa mjumbe wa Baraza la Usalama mwaka ule na ndo nchi pekee iliyopiga kura ya hapana! Walitaka hukumu ya kifo iwepo, walitaka kesi zifanyike nyumbani manusura wazione, na walitaka mahakama iangalie pia maandalizi ya kabla ya 1994. Wakakataliwa. Arusha ikachaguliwa kwa kuwa ni karibu ila sio ndani.

Kazi ilifanyika, usidharau wateja wako. Septemba 1998 Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa bourgmestre wa Taba, yaani kama mkuu wa wilaya ndogo, akawa mtu wa kwanza duniani kutiwa hatiani na mahakama ya kimataifa kwa mauaji ya kimbari, na hukumu ile ikasema kubaka kunaweza kuwa sehemu ya mauaji ya kimbari, jambo hilo halikuwepo kwenye hati ya mwanzo, liliingia baada ya mwanamke mmoja shahidi kulisema akiwa anajibu kitu kingine. Jean Kambanda, waziri mkuu, akakiri, akala maisha. Walioshitakiwa jumla ni 93, waliopatikana na hatia zaidi ya 60. Mmoja wao tulikuwa naye sisi wenyewe: Sylvestre Gacumbitsi, bourgmestre wa Rusumo, wilaya yenye kanisa la Nyarubuye walikochinjwa waliokimbilia humo. Aprili 28 na 29, 1994, watu kama 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuja Ngara kwa muda wa siku moja hivi, wauaji wakiwa ndani ya msafara. Gacumbitsi alikuja kukamatwa Juni 2001 kambi ya wakimbizi huko Kigoma.

Nyumbani Rwanda magereza yalibeba watu zaidi ya 120,000, mahakama za kawaida zingechukua karne nzima, ndo wakaja na gacaca, mahakama za kijiji kama 12,000, zikapitia kesi karibu milioni 2 mpaka zilipofungwa Juni 2012. Mawakili hakuna, majaji ni majirani. Wengine walionewa, wengine walionyeshwa tu shimo alikotupwa mama yao wakaenda kumzika, na kwao hilo lilitosha.

Sasa swali lako la pili. Mamlaka ya Arusha yaliandikwa kwa mwaka mzima wa 1994 na kwa pande zote, kwahiyo kisheria askari wa RPF walioua raia wangeweza kuitwa. Mashirika ya haki za binadamu yameandika kwamba RPF waliua raia kwa maelfu mwaka ule. Hilo halifanyi mauaji yawe mawili yanayolingana, hayakulingana kabisa, ila lilikuwa kosa na mahakama ilikuwepo. Carla Del Ponte, mwendesha mashitaka mkuu wa mahakama hiyo, alipoanza kuwachunguza, 2002 Rwanda ikaweka masharti mapya ya mashahidi kusafiri na kesi Arusha zikasimama, maana bila mashahidi kutoka Rwanda huna kesi. Septemba 2003 Del Ponte akaondolewa kwenye mashitaka ya Rwanda, akabaki na mahakama ya Yugoslavia, nafasi yake akaja Hassan Jallow wa Gambia. Mwisho wa yote faili moja, la maaskofu na mapadri waliouawa Juni 1994, likapelekwa mahakama ya kijeshi Rwanda 2008, maofisa wanne, wawili wakafungwa, wawili wakaachiwa. Zamu hii mahakama ndo ilikuwa inamhitaji mshindi, na mshindi alilijua hilo.

Mahakama ilifungwa 31 Desemba 2015 lakini kumbukumbu zake zimebaki Arusha, pale Lakilaki, karatasi na kanda za kesi. Mi hizo ndo nazithamini kuliko hukumu zenyewe, kwa sababu ndani yake kuna maneno ya mashahidi wa pande zote na serikali yoyote itakayokuja itayakuta.

Mzee, mtu akishazeeka kesi ya mauaji ya kimbari si inafutika? Bodaboda, Nkuhungu

Haifutiki. Ujerumani Desemba 2022 walimtia hatiani Irmgard Furchner, aliyekuwa karani wa kupiga taipu kwenye kambi ya Wanazi ya Stutthof, kwa kusaidia mauaji ya watu zaidi ya 10,000. Alikuwa na miaka 97, na kwa kuwa wakati wa kosa alikuwa na 18 na 19, kesi ilisikilizwa mahakama ya watoto. Siku ya kwanza ya kesi, Septemba 2021, bibi alitoka nyumba ya wazee, akapanda teksi akatoroka, wakamkamata baada ya saa kadhaa. Akapata miaka miwili ya kifungo cha nje, akakata rufaa, Agosti 2024 ikatupwa.